Atasoma Mbele ya Watu Wote

Mwalimu aliyesimamia tasnifu yangu aliniuliza siku moja kama kwetu watu hubusiana. Nilijibu "hapana" kwa haraka ya mtu anayetetea heshima ya nyumba yao, kisha nikatoka ofisini mwake nikiwa sina hakika ni kitu gani nilichokuwa nimetetea. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili katika biolojia, huko Bujumbura, na mada yangu ilikuwa bakteria wa kinywani: jinsi wanavyohama kutoka kinywa kimoja hadi kingine miongoni mwa watu wanaoishi chini ya paa moja. Kwa kazi ya namna hiyo swali la mwalimu halikuwa la udaku. Ikiwa watu hubusiana, hiyo ni njia mojawapo. Ikiwa hawabusiani, njia itafutwe kwingine.

Nilirudi kwetu Uvira, ng'ambo ya mpaka, likizo iliyofuata nikiwa na swali hilo, nikaanza kuwatazama watu niliokuwa nao tangu kuzaliwa kana kwamba nimewakuta jana. Mtaani Rugenge, tulikokulia, watu wa rika langu husalimiana kwa vichwa: panja la kulia kwa la kulia, la kushoto kwa la kushoto, kisha paji kwa paji, kwa mgongano mdogo unaosikika. Akina mama wanaokutana mlangoni mwa kanisa huwekeana mashavu, na midomo yao hutoa mlio hewani bila kugusa ngozi; hiyo huitwa bizu, na imeletwa na Kifaransa pamoja na biro na taksi. Warundi wa bonde la Ruzizi, ndio ujombani kwetu, hukumbatiana kwa muda mrefu, viganja vikisugua mgongo na mabega, huku wakiulizana habari za kila mtu wa nyumbani, hai na mgonjwa. Mtoto mchanga hubusiwa na yeyote apitaye, na popote: kisiginoni, kitovuni, kwapani. Lakini mdomo kwa mdomo, mtu mzima na mtu mzima, mbele ya macho ya wengine? Baba na mama walituzaa na kutulea katika nyumba ya vyumba viwili, na sikupata kuwaona hata wakishikana mikono.

Kadiri nilivyosoma juu ya jambo hili, ndivyo mshangao wangu ulivyoongezeka, na si wa kitaaluma tu. Mdomo wa binadamu ni ngozi ya ndani iliyogeuzwa ikatazama nje. Hakuna mnyama mwingine aliyeuanika utando wake wa siri usoni namna hiyo. Katika ramani ya mwili iliyomo ndani ya ubongo, midomo miwili imepewa eneo kubwa kuliko mgongo mzima. Jamii nyingi za dunia hazina busu la mdomo kabisa na hazijapungukiwa na mapenzi wala watoto. Na bonobo, ambao hawapatikani porini popote isipokuwa katika misitu ya nchi yetu, hubusiana kwa vinywa vilivyo wazi baada ya ugomvi. Nilisoma sentensi hiyo ya mwisho nikiwa nimekaa uani, nikamtazama baba yangu akinyoa ndevu mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa ukutani, akiuvuta mdomo wake wa juu kwa vidole viwili kwa uangalifu wa fundi, na nikaona aibu nisiyoweza kueleza sababu yake.

Likizo hiyo ndiyo mdogo wangu wa kike alikuwa akijiandaa kuolewa. Mchumba wake ni mwalimu wa hesabu ambaye wazazi wake waliteremka kutoka Lemera. Familia mbili zilikuwa zimekubaliana juu ya kila kitu, hata juu ya nani ataketi upande gani wa kanisa, isipokuwa jambo moja ambalo hakuna aliyefikiri kuwa litajadiliwa. Siku hizi, katika harusi za mjini kwetu, pete zikishavikwa, vijana hupiga kelele "Bizu! Bizu!" na maharusi hubusiana mdomo kwa mdomo. Padri husubiri akitabasamu. Wazee huinama.

Habari za bizu zilimfikia nyanya yetu huko bondeni. Tunamwita nyogokuru, kama Warundi wanavyosema, kwa kuwa neno "bibi" katika Kiswahili cha Uvira ni la mke, na ukilitumia kwa nyanya utakuwa umeanzisha hadithi nyingine. Nyogokuru alituma ujumbe kwa simu ya jirani. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Kama wataonyeshana vinywa mbele ya wakwe, minye sitakuja."

Kwa wengine wetu huo ungekuwa msiba mdogo. Kwa mdogo wangu ulikuwa mkubwa. Mama aliugua sana baada ya kumzaa, na yeye akapelekwa bondeni angali mchanga, akalelewa na nyogokuru hadi alipofikia umri wa kuanza shule. Kwa desturi yetu binti hatoki nyumbani mwao kama anayekwenda sokoni. Lazima awepo wa kumtoa, na anayemtoa ni yule aliyemlea.

"Yaya," aliniambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "kama hatakuja, minye siingii kanisani."

"Utamwambia nini bwana harusi?"

"Angojee."

Bwana harusi mwenyewe, tulipomweleza, alijikuna kidevu kama aliyepewa hesabu isiyo na jibu. "Shemeji, nikikataa bizu, wenzangu watasema nimeoa kwa barua," alisema. "Lakini nikiikubali, sina bibi. Ni afadhali barua."

Iliamuliwa nitumwe mimi. Nilikuwa mjukuu wa kwanza wa kiume, na kati ya nyanya na mjukuu kuna utani unaoruhusu hata maneno mazito kusemwa. Pia, alisema baba bila kunitazama, mimi ndiye niliyekuwa nikiyasomea mambo hayo.

Njia nzima, juu ya moto, yaani pikipiki ya kukodi, iliyonichukua kupita Kiliba na mashamba yake ya miwa, nilipanga hotuba. Ni tabia yangu. Niliigawa katika sehemu, nikaweka mifano, nikayatabiri mapingamizi yake na kuyajibu moja baada ya jingine. Niliona ni busara kutolieleza busu lenyewe hata kidogo. Ningeeleza tu kile ambacho mdogo wangu angekifanya kanisani kwa hakika, kitu cha heshima kitakachomjaza nyanya yeyote fahari. Mdogo wangu alikuwa amechaguliwa kusoma somo la kwanza la misa yake mwenyewe.

Nilimkuta nyogokuru ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, upande huu wa Sange, akichambua maharage kwenye ungo pamoja na jirani yake, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha haraka.

"Karibu, mume wangu," nyogokuru alisema bila kuinua macho. "Leo umenikumbuka? Ao mabibi wa Buja wamekufukuza?"

"Sina bibi Buja, nyogokuru. Bibi yangu ni weye."

"Mwongo. Angalia yale mashavu," akamwambia jirani. "Uyu iko na muntu anamupikia."

Nilimpa sukari niliyomletea. Aliipima kwa mkono. "Minye niko nangojea mwanaume, yeye ananiletea sukari," alisema, na jirani akacheka. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Nilikaa kwenye ukingo wa mkeka, nikakohoa, nikaanza.

"Nyogokuru, nimekuja juu ya ile maneno ya bizu."

Mkono wake ulisimama ndani ya maharage.

"Nataka usikie kutoka kwangu ni nini kitafanyika kanisani. Mutoto wako hatafanya kitu kibaya. Padri atamwita mbele, peke yake. Pale mbele atasoma."

"Atasoma," alirudia.

"Ndiyo. Atasoma mbele ya watu wote. Polepole, na kwa sauti, hata walio nyuma kabisa wasikie."

Jirani aliweka kiganja mdomoni. Nilidhani ni kwa heshima.

"Na usiogope kwamba ataona haya," niliendelea, nikifurahia jinsi hotuba ilivyokuwa ikiteremka vizuri. "Amejizoeza nyumbani. Mimi mwenyewe nilimsaidia."

"Weye?" alisema nyogokuru. "Kaka yake?"

"Kila jioni. Na baba alikuwa akisikiliza, anamrekebisha."

Nyogokuru alisimama. Ungo ulianguka, maharage yakatawanyika hadi miguuni pa kuku. "Yampaye inka!" alipaza sauti, akiapa kwa Kirundi. "Mumepata wazimu nyote? Baba yake! Amekaa kwenye kiti, anarekebisha!"

Sikuelewa. Nilikuwa nimekwisha kuandika, katika sura ya kwanza ya tasnifu, aya nzima juu ya kitenzi cha Kirundi *gusoma*. Nilikuwa nimeeleza kwa usahihi mkubwa kwamba kitenzi hicho kina maana tatu: kusoma maandishi, kunywa funda la kinywaji, na kubusu. Nilikuwa nimesifu jinsi lugha moja ilivyoweza kuvitia katika neno moja vitu vitatu ambavyo mdomo hufanya kwa kile ulichokiheshimu. Lakini aya hiyo ilikuwa Bujumbura, na mimi nilikuwa Sange, nikisema Kiswahili kwa mwanamke ambaye, kwa kuwa nilianza kwa kutaja bizu, masikio yake yalikuwa yamefunguliwa upande wa Kirundi.

Ni jirani aliyeniokoa. Alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka, machozi yakimtoka, akijaribu kupata pumzi. "Kitabu, mama!" alisema hatimaye. "Mutoto anasema kitabu! Atasoma kitabu!"

Nyogokuru alinitazama, akamtazama jirani, akatazama kuku waliokuwa wakila mboga yake ya siku ile.

"Kitabu?"

"Kitabu, nyogokuru. Somo la kwanza."

"Sasa si useme kitabu!" Akanipiga begani kwa kanga. Kisha kicheko kikamshika naye, kikaanzia mbali, tumboni, na akaketi tena kwa shida. "Na baba yake anarekebisha! Eti *fungua kidogo, hapana, si hivyo!*"

"Na uyu ndiye mwalimu," jirani alisema akininyooshea kidole. "Weye, kule Buja, uko unasomea nini?"

Nilisita. "Mambo ya kinywa."

Hapo ndipo walipokwisha kabisa kwa kicheko. Nyogokuru alisema serikali ya siku hizi ina pesa nyingi, kama inawatuma vijana ng'ambo ya mto kusomea kusomana. Jirani alitaka kujua kama mtihani ni wa kuandika. Nilikusanya maharage nikiwa nimepiga magoti, masikio yakiwaka moto, na nadhani katika maisha yangu yote ya masomo sikuwa nimepata kufikisha ujumbe wangu kwa wasikilizaji makini kiasi kile.

Lakini nyogokuru hakuwa mtu wa kupotezewa njia na kicheko. Alipofuta macho, alirudisha ungo mapajani na kuniuliza kwa sauti ya kawaida: "Kitabu, sawa. Na kile kingine?"

Sikuweza kumdanganya. "Vijana watapiga kelele. Wale wawili ndio watakaoamua."

Alichambua maharage kwa muda. "Sikiliza," alisema. "Muko munafikiri minye ni muzee, sijui. Mama yako alitoka wapi? Kwenye shamba la mihogo? Minye najua kusomana. Babu yako alijua pia, Mungu amuweke. Lakini kuna kunywa, na kuna kula. Kunywa, muntu anakunywa mbele ya bantu, murija mumoja, kibuyu kimoja, iko heshima. Kula, muntu anakula ndani. Zamani zetu bibi harusi hawezi kufungua kinywa cha kula mbele ya wakwe. Hata akiwa na njaa ya kufa. Ile mambo yenu ya kanisani si kunywa. Ni kulana."

"Ni kidogo tu, nyogokuru. Ni kugusana."

"Sijamaliza." Aliokota jiwe kutoka kwenye maharage, akalitazama, akalitupa. "Kile kinywa cha dada yako, unakijua? Minye nakijua. Mama yako iko hospitali, mutoto anakataa maziwa ya ng'ombe, anakataa uji, anatema kila kitu. Amebaki macho tu. Nikachemsha kiazi, nikakitafuna minye mwenyewe hadi kikawa laini kama mate, nikamupa na mudomo wangu, ndani ya mudomo wake. Kama ndege. Akameza. Nikatafuna tena. Hivyo hivyo, kila siku, hadi meno yake yakatoka. Akiona uso wangu unakuja, anafungua." Alionyesha kwa vidole, kitu kidogo sana kikifunguka. "Sasa muniambie nikae kwenye benchi, niangalie kinafunguka kwa muntu mwingine, na vijana wanapiga mikono?"

Jirani hakucheka. Mimi nilikuwa nimeshika maharage machache kiganjani na sikukumbuka yalikuwa ya nini.

Nitajaribu kueleza kilichonipata, ingawa nimejaribu mara nyingi na kila mara sentensi imekuwa ndogo kuliko kitu chenyewe. Kati ya dhana zote juu ya asili ya busu, kuna moja inayosema kwamba lilianza hivyo: mama alitafuna, akauleta mdomo wake kwenye mdomo wa mtoto, na mwili ukajifunza, kabla ya lugha yoyote, kwamba mdomo unaokuja ni uhai unaokuja. Kila busu lililofuata duniani ni kumbukumbu ya tendo hilo. Niliwahi kuiandika dhana hii katika mistari miwili, na nikaongeza, kwa tahadhari ya mwanafunzi, kwamba ushahidi wake ni haba. Sasa dhana yenyewe ilikuwa imeketi mbele yangu ikichambua maharage.

Zaidi ya hapo, nilijua jambo ambalo nyogokuru hakulijua, na halikunipa ukubwa wowote kulijua. Bakteria wanaofika mapema katika kinywa cha mtoto wanaweza kufanya makao humo kwa miaka mingi. Huenda mdogo wangu, kila alipocheka, alipoimba, alipobishana nami juu ya zamu ya kuchota maji, alikuwa amebeba chini ya ulimi wake kizazi baada ya kizazi cha viumbe waliotoka kinywani mwa mwanamke huyu. Na nyogokuru naye alikuwa amewapokea kutoka kwa mama yake, na mama yake kutoka kwa mwingine, mnyororo wa vinywa unaorudi nyuma hadi pasipo na jina wala mtu wa kulikumbuka. Mimi nilikuwa nimeutafuta mnyororo huo katika vichupa vya maabara. Niliwatafuta watu wanaobusiana, nikamjibu mwalimu wangu kwamba kwetu hawapo.

"Umekuwa bubu?" nyogokuru aliuliza.

"Hapana."

"Nenda ukamwambie dada yako amalize kujizoeza kile kitabu. Nitaona."

Hakusema zaidi. Aliniagiza nisisahau kumsalimia "yule baba anayerekebisha", akanikumbatia kwa muda mrefu, viganja vyake vikinisugua mgongoni, na moto ikanirudisha mjini nikiwa na "nitaona" tu mkononi.

Nilimsimulia mdogo wangu kila kitu, na bwana harusi alikuwepo. Habari za kiazi mdogo wangu hakuwa akizijua. Hakuna aliyepata kumwambia. Labda kila mtu alidhani mwingine amesema. Alisikiliza akiwa ameweka vidole viwili juu ya midomo yake, kama anayehakikisha kwamba ipo.

Bwana harusi ndiye aliyesema kwanza. "Basi tuache. Wenzangu waseme wanachotaka."

"Si wenzako," mdogo wangu alijibu. "Na si weye. Hata minye, sijui kama ni minye. Tungojee kama atakuja."

Asubuhi ya harusi nyogokuru hakuwa amefika. Nyumba ilijaa shangazi na majirani, mtu alikuwa akipiga pasi vitambaa, mwingine akimkemea mtu wa picha. Mdogo wangu alikuwa ameketi chumbani katika gauni lake jeupe, amepambwa. Gari la kumpeleka kanisani lilikuwa nje na dereva alikwisha kuwasha injini, akaizima. Baba aliingia chumbani, akatoka. Nilisimama mlangoni nikisikiliza kila moto iliyopita barabarani, nikijaribu kukadiria kwa mlio kama imebeba mtu mmoja au wawili, na kwa kweli nilikuwa nikiomba, kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa makini tangu nianze chuo.

Nyogokuru alikuja ameketi kiupande juu ya moto, amejifunga imvutano, shuka la heshima la Warundi, la rangi ya samawati lililokunjwa vizuri begani, na magotini ameshikilia kibuyu kidogo kilichozibwa kwa jani la mgomba. Alimwambia dereva wa moto kwamba anaendesha kama anayekimbia deni la damu. Kisha akapita katikati ya watu wote bila kusalimia, jambo ambalo hakupata kulifanya kabla, akaingia chumbani. Shangazi zangu walimpisha. Mimi nilibaki mlangoni.

Mdogo wangu alitaka kusimama, nyogokuru akamzuia kwa mkono. Alifungua kibuyu. Harufu ya pombe ya ndizi ikajaa chumba kilichokuwa kikinukia poda. Nyogokuru aliweka mdomo wake kwenye mdomo wa kibuyu, akanywa funda moja, akakigeuza ukingo ule ule ukamwelekea mjukuu wake, akampa. Mdogo wangu aliweka midomo yake hapo hapo. Niliona. Ule ukingo ulikuwa umelowa bado.

Kwa sayansi yangu, kilichopita hapo kati ya vinywa viwili hakitofautiani kwa lolote na kile ambacho vijana wangekidai kanisani. Ni mate yale yale, ni wasafiri wale wale wasioonekana. Lakini hapa hakuna mzee aliyeinama. Shangazi zangu walikuwa wakitazama kwa macho yaliyotulia, kama watu wanaotazama mlango wa kanisa ukifunguliwa. Nilishika fremu ya mlango. Sikuwa nimejua kwamba kitu ninachokipima kwa mililita kina upande wa pili, na kwamba watu wangu wote walikuwa wakiishi upande huo.

"Basi," nyogokuru alisema akikiziba kibuyu. "Minye nimemaliza yangu. Kile kinywa sasa ni chako. Ukitaka kukifunga, funga. Ukitaka kukifungua, fungua, hakuna muntu atakuuliza. Na usilie, poda itateremka, watasema tumewapa bibi mwenye mabaka."

Alilia, bila shaka. Poda ikateremka, na mtu akaitengeneza.

Kanisani nyogokuru aliketi benchi la mbele na mimi kando yake. Padri alipomwita mdogo wangu, alipanda kwa utulivu, akashika kitabu kwa mikono miwili, akasoma polepole na kwa sauti, hata walio nyuma wakasikia. Nyogokuru aliniegemea. "Anasoma muzuri," alininong'oneza. "Mulimurekebisha kweli." Nililazimika kutazama sakafu.

Kisha pete. Kelele ilianzia nyuma, upande wa walimu wenzake bwana harusi, sauti moja, mbili, halafu safu nzima: "Bizu! Bizu! Bizu!" Viganja vilianza kupiga pamoja. Padri alitabasamu, akakunja mikono. Bwana harusi hakusogea. Alimtazama mdogo wangu, na uso wake haukuwa na haraka wala kudai; alikuwa akimsubiri yeye, na kila mtu aliyemjua aliona kwamba angesubiri hivyo hadi misa iishe.

Wazee waliinama. Nilikuwa nimeliona jambo hilo katika harusi nyingi na nikalichukulia kuwa ni aibu tu. Siku hiyo, kwa kuwa nilikuwa nimegeuka kumtafuta baba, niliona jinsi linavyofanyika. Benchi baada ya benchi, pande zote mbili, wakwe kwa wakwe, vichwa vyenye mvi vilishuka pamoja, kama mpunga upepo unapopita juu yake. Hakuna aliyeambiwa. Walikuwa wakiwajengea wale wawili chumba. Katikati ya kanisa lililojaa, kwa shingo zao tu, waliinua kuta nne na kufunga mlango, na ndani ya chumba hicho mdogo wangu aliinua uso wake kwa mumewe.

Niligeuka kumtazama nyogokuru, nikidhani ameinama na wenzake.

Hakuinama. Aliketi wima, mikono juu ya imvutano lake, akiwatazama bila kupepesa. Na mdomo wa mdogo wangu ulipofunguka, mdomo wake nao ulifunguka kidogo, polepole, bila yeye kujua, kama unavyofunguka mdomo wa yeyote anayemlisha mtoto mchanga wakati kijiko kinapokaribia. Ulibaki wazi hivyo hadi wale wawili walipoachiana. Kisha akaufumba, akameza.